Kitufe cha Mama

Mama alikuwa mgonjwa, akiishi Makongeni. Mimi nafanya kazi Ruiru. Simu zake za kila saa zilinikasirisha, nikamtengenezea programu: akizidiwa, abonyeze kitufe kwenye simu yake na ujumbe uingie kwenye kompyuta yangu.

"Usinipigie tena nikiwa kazini, Mama. Bonyeza tu."

Asubuhi moja simu yake ilijisasisha, programu ya simu yake na ya kompyuta yangu zikaacha kuelewana. Nilishinda nikitafuta kosa, nikiitukana simu yake ya bei rahisi. Sikufikiria hata mara moja kumpigia.

Saa kumi jioni nikalirekebisha. Jumbe zilizokwama zikamiminika: alikuwa amebonyeza mara kumi na tisa.

Nilipopiga, jirani alipokea akilia. Mama aliwakataza majirani kuniita mpaka akakata roho.

"Ako kazini," aliwaambia. "Nishabonyeza."