Mashine ya Mama Haisubiri Zamu

Mama alikaa kwangu Kaloleni, mjini, tangu alipotoka hospitali, na kila asubuhi aliniuliza swali lile lile: "Leo narudi?" Nilimjibu kama anavyojibiwa mtoto anayeulizia Krismasi, bado kidogo, mama, bado kidogo. Mapafu yake yalikuwa yamechoka. Moshi wa kuni aliouvuta jikoni tangu usichana wake ulikuwa umefanya kazi yake polepole, na daktari akasema sasa ataishi na mashine ya kumpa hewa, usiku kucha na sehemu kubwa ya mchana. Mashine yenyewe si kubwa, ukiiona unaweza kudhani ni begi la safari lenye magurudumu, lakini inakula umeme bila kupumzika na inataka umeme uliotulia. Tulipewa na mtungi wa hewa wa akiba kwa siku za umeme kukatika. Daktari alimruhusu arudi kwake mlimani kwa sharti moja tu. Umeme wa nyumbani ukitulia, arudi. Usipotulia, abaki mjini.

Kubaki mjini, kwa mama, kulikuwa ni kufungwa. Chumba changu kiko karibu na uwanja wa mpira, na siku ya mechi kelele zinaingia mpaka chini ya kitanda. Hakuna mgomba wa kuutazama asubuhi, hakuna ng'ombe wa kumgombeza. Basi akanigombeza mimi. Alikaa kitandani akinitazama nikishona nguo za wateja, mpira wa hewa puani, na bado alipata pumzi ya kuniambia, "Hilo pindo limepinda." Nilimpenda na kumchoka kwa wakati mmoja, na sioni aibu kuliandika. Kila nilipomshawishi ayazoee maisha ya mjini alinikata kauli: "Mkataa kwao mtumwa."

Sasa umeme wa bomani kwetu una mambo yake. Kwetu mlimani watoto wa kiume hujenga kumzunguka baba yao, katikati ya migomba na kahawa, na maji ya mfereji hupita kwa kila mmoja kwa zamu. Leo unafungulia shambani kwako, kesho unamwachia ndugu yako. Umeme ulipopanda mpaka kijijini, marehemu baba aliona nao ni hivyo hivyo. Akakataa kila mtoto avute wake. Iliwekwa mita moja na mainswichi moja, ndani ya stoo ya mama, na kutoka hapo waya mmoja ukapita juu ya migomba kwenda kwa kaka mkubwa, mwingine kwa kaka wa kati, mwingine kwa kitinda mimba. "Wanaokunywa mfereji mmoja watawasha taa moja," baba alisema, na mchungaji aliyekuja kuiombea nyumba akaitikia amina.

Bila shaka haukutosha. Ndipo tukauwekea umeme zamu kama maji. Wifi yangu, mke wa kaka mkubwa, akitaka kuwasha mashine ya kukatia majani ya ng'ombe, alisimama mlangoni kwake akapaza sauti: "Nawashaaa!" Nyumba nyingine zikajibu kupitia migombani: "Subiri, nazima pasi!" "Subiri chai ichemke!" Akisikia kimya, anawasha. Mtu akisahau, boma zima linaingia giza, na kaka mkubwa anaenda stoo kuifunga fyuzi upya kwa kipande cha waya. Kila ilipokatika alitafuta waya mnene zaidi ili isikatike tena. Tulimsifu kwa hilo. Tulisema huyu ana mkono wa ufundi, angesomeshwa angefika mbali.

Mteja wangu mmoja alinielekeza kwa fundi umeme wa Nduruma, mtu wa maneno mengi na kicheko kikubwa. Nikapanda naye mlimani Jumamosi. Aliongea njia nzima, akaongea akisalimiana na kaka zangu, akaongea akifungua skrubu za ile mainswichi. Kifuniko kilipotoka akanyamaza. Ubao wa nyuma ulikuwa mweusi kama kitako cha sufuria ya makande, na zile nyaya nene za kaka zilikuwa zimeyeyusha kila kilichozigusa.

"Dada," aliniambia, "Mungu amekuwa mlinzi wa stoo hii miaka yote, na hamjawahi kumpa hata likizo."

Akaeleza kwamba fyuzi huwekewa waya mwembamba makusudi, ili ukatike wenyewe kabla nyumba haijaungua. Kaka mkubwa alitazama mikono yake. Sikumcheka, maana hata mimi nilikuwa nimempigia makofi. Fundi akaendelea, njia rahisi ni kila nyumba ivute mita yake, na mama abaki na yake peke yake. Akafungua mdomo kusema neno lingine, lakini kaka mkubwa alikwisha kuinua mkono.

"Hiyo haiwezekani. Mzee alisema mita moja."

"Mzee alisema kabla mama hajawekewa mpira puani!" Nilikuja juu, na sauti yangu ikija juu hata ng'ombe wanageuka.

"Basi tutaiingiza mashine ya mama kwenye zamu. Tena yeye awe wa kwanza."

"Kaka, mashine ya mama haisubiri zamu. Wewe umewahi kuona mtu anapumua kwa zamu?"

Hapo ndipo alipolisema. "Wewe uliondoka hapa siku nyingi. Mambo ya boma tuachie wenye boma."

Lilinichoma. Kwetu binti hapewi kiwanja. Hupewa maombi, mablanketi na kitenge, akaenda zake, na ndoa ikivunjika, kama yangu ilivyovunjika, anapanga chumba mjini na kurudi kwao kama mgeni. Nililijua hilo tangu utoto. Lakini kulijua ni kitu kimoja, kuambiwa mbele ya fundi ni kitu kingine. Nilichukua pochi yangu nikateremka, fundi akinifuata nyuma.

Nilidhani mama atakuwa upande wangu. Wapi! Nilipomsimulia, alinitazama kama niliyetaka kumuuzia ng'ombe wake.

"Zile nyaya ni watoto wangu. Mnataka mzikate, halafu nirudi kwenye nyumba ambayo haijashikana na mtu?"

"Mama, ni nyaya tu."

"Kwako wewe."

Nilitoka nje nikalia barazani, si kwa huzuni, kwa hasira. Niliona huyu mama atafia kwenye chumba changu akitazama ukuta, kwa ajili ya ubishi wa baba ambaye amelala chini ya mgomba. Niliporudi ndani nilimkuta amekaa wima, simu mkononi. "Nipigie fundi," akasema. "Na kaka yako pia, tusikilizane wote."

Fundi alimwamkia, shikamoo bibi, naye akaitikia marahaba, halafu akauliza pole pole, akikatisha maneno ili avute hewa.

"Fundi. Mfereji wetu una malango. Mtu maji yakimzidi shambani, tunafunga lango lake. Kwa wengine yanaendelea kupita. Baba yao hakuchimba mifereji minne. Alichimba mmoja, akaweka malango. Umeme hauna malango?"

Fundi alicheka mpaka simu ikakwaruza. "Bibi, malango ndiyo kazi yangu! Nilitaka kusema siku ile, wanao wakanizidi kelele."

Akaeleza. Waya mkubwa zaidi kutoka nguzoni, hilo litaombwa kwa shirika la umeme. Mainswichi mpya na pana, yenye breka, ndiyo lango lenyewe, kwa kila nyumba; nyumba ikizidisha, breka yake inajikata yenyewe na wengine hawajui. Mashine ya mama iwe na breka yake pekee, isiyoguswa na pasi ya mtu. Nyaya za juu ya migomba zishushwe zipite ndani ya mabomba chini ya ardhi, na kila nyumba ibaki imeshikana na ya mama.

Kaka mkubwa alikuwa akisikiliza upande wake. Nilisikia jogoo wake akiwika kwenye simu. Halafu akasema, "Kama ni malango, sawa, mama."

Na hapa nimshukuru, maana nisipomshukuru nitakuwa nimeandika nusu. Kaka yangu alichimba mitaro ile kwa mkono wake, kutoka nyumba hadi nyumba, kwenye baridi ile ya mwezi wa saba ambayo ukungu haupandi mpaka mchana. Hakumruhusu kibarua ashike jembe. Nilipompelekea loshoro, ule mseto wetu wa mahindi na maziwa ya mgando, aliila amesimama ndani ya mtaro, hakuomba msamaha, nami sikuudai. Alinirudishia bakuli likiwa limeoshwa. Anayemjua kaka yangu ataelewa uzito wa bakuli lililooshwa.

Wakaguzi wa shirika la umeme walipokwisha kuridhika, tukampandisha mama pamoja na mtungi wake wa akiba. Alikataa kupelekwa kitandani. Alitaka stoo. Tukamwekea kigoda kati ya magunia ya mahindi, akakaa akiitazama mainswichi mpya, nyeupe, imenyooka ukutani. Fundi alikuwa anaandika chini ya kila breka kwa kalamu nene: Mashine. Mama. Kaka mkubwa. Kaka wa kati. Kitinda mimba. Ilibaki nafasi moja tupu mwishoni.

"Hii naiziba na plastiki," fundi akasema. "Haina mtu."

"Weka swichi," mama akasema.

"Ya nyumba gani, bibi?"

Mama akaninyooshea kidevu. "Ya huyu."

Kaka zangu watatu wamesimama mlangoni, na mimi nimeshika mtungi wa hewa kama mjinga, sijui niutue wapi. Mama alikuwa amesema kitu ambacho hakisemwi kwetu, akakisema kwa sauti ya mtu anayeagiza chumvi. Fundi, kwa mara ya pili tangu nimfahamu, alikosa maneno. Akainua kalamu, akatutazama mmoja mmoja. "Niandike nini?"

Aliyejibu alikuwa kaka mkubwa. "Andika Dada," akasema, kisha akatoka nje haraka kwenda kuangalia mtaro ambao alikwisha kuufukia.

Tulipokwisha kumlaza mama kitandani, tuliwasha vyote kwa pamoja siku ile, kujaribu. Wifi, kwa mazoea, akasimama mlangoni kwake: "Nawashaaa!" Na sisi sote, watu wazima, tukakimbia kuzima pasi na birika. Fundi alitukemea tuviwashe tena. Mashine ya majani ikanguruma, birika likachemka, pasi ikapata moto, na mashine ya mama ikaendelea kuhema taratibu kando ya kitanda chake, haikuyumba hata kidogo. Mama alikuwa amelala ubavu, uso kwenye dirisha la migombani. Niliona machozi yangu yanadondoka kwenye shuka lake na sikuyafuta. Nilisema asante Mungu, nikasema tena, sikuwa na sala nyingine.

Breka yangu haina waya mpaka leo. Haiwashi taa wala soketi, sina nyumba pale. Lakini kila nikipanda mlimani, kabla sijavua viatu, napita kwanza stoo kuibonyeza. Inalia ta! Mama, kule chumbani na mpira wake puani, anaisikia, na hata kabla sijamwamkia ananiuliza, "Umefika nyumbani?"

Namjibu, "Nimefika, mama."