Safisha Filamu Zilizobaki

Zamani matokeo yalikuja polepole kwenye filamu, nawe ukayangoja gizani kama mtu anayengoja usingizi; siku hizi mashine inatema tarakimu, na anayezichukua hana hata haja ya kukodoa macho.

Fundi wa maabara, ambaye vijana walimwita Mzee Giza, alikuwa na miaka thelathini na minne katika chumba kisicho na dirisha mwisho wa korido. Shule aliiacha darasa la saba. Mengine aliyaokota kwenye majarida yaliyotupwa na wasomi, akiyasoma na kamusi mapajani. Ndivyo alivyojua kwamba kipokezi ni protini iliyojichomeka katika utando wa seli, kichwa kikisikiliza nje, mkia ukining'inia ndani. Na kwamba kikipata habari, mkia hubandikwa vichembe vya fosfeti. Yeye aliviita vifungo. Shati lililofungwa vifungo vitatu vya juu, alisema, si sawa na lililofungwa vitatu vya chini, hata ukihesabu mpaka kesho.

Daktari kijana, binti aliyesimamia utafiti, aliona hayo ni maneno ya fundi cherehani. Mashine yake ilikuwa imehesabu fosfeti zilizoletwa na dawa mbili, ikakuta idadi ileile. Basi dawa zinafanya kazi moja, na angeandika hivyo. Chumba cha giza kingefungwa Ijumaa, kiwekwe majokofu.

Alhamisi asubuhi alikuta karatasi mlangoni: "Mzee, safisha filamu zote zilizobaki."

Kwake yeye kusafisha filamu kulikuwa na maana moja, ile ya wapiga picha: kuichovya kwenye dawa ya picha mpaka taswira itokee. Akaona binti amelainika, amempa ruhusa ya mwisho. Akachukua sampuli za seli zilizopewa dawa zile mbili, akazipitishia kingamwili zenye kutoa mwanga, kila moja kwenye mstari wake, ikitambua nafasi yake tu kwenye mkia. Kisha akazima taa kubwa, akazifunika kwa filamu.

Chini ya taa nyekundu kuta zilipotea. Dawa ya picha ilicheza kwenye sinia. Michirizi ikaanza kujitokeza, kwanza kama pumzi kwenye kioo, kisha nyeusi tii. Filamu ya dawa moja, weusi ulikaa mwanzo wa mkia; ya dawa nyingine, mwishoni. Akawa kama anaziona seli zenyewe zikielea mbele yake: hii imemeza kipokezi chake na kunyamaza, ile imekiacha mlangoni kiendelee kunong'ona.

Daktari aliingia saa tisa, mikono kiunoni.

"Mzee, nilisema usafishe. Yaani utupe."

"Nami nimesafisha, mwanangu. Ungetaka nitupe, ungeandika tupa."

Daktari alitaka kucheka, akaziona filamu. Akazipandanisha mbele ya taa. Hakuna mchirizi uliolala juu ya mwenzake.

"Hazifanani," alisema taratibu.

"Hazijawahi."

Makala yake daktari aliifuta jioni ileile. Mzee alimwambia mkewe chumba kimepona.

Wiki ya pili daktari alikuja mbio na habari njema. Kwa ajili ya filamu zile, wakubwa wamekubali kununua mashine inayosoma kila nafasi ya mkia yenyewe. Ni kubwa, inataka chumba kisicho na dirisha.

Mara ya mwisho Mzee alipoziona filamu zake, zilikuwa zimebandikwa kwenye kioo cha ofisi ya daktari. Jua lilipita katikati ya michirizi, likilaza vivuli vya mikia miwili sakafuni, na watu wakavikanyaga wakienda kutazama mashine.