Mguu Uliotafuta Breki

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika spana wala kalamu. Mkaguzi Mkuu wa yadi yetu ya magari pale Ifakara, mzee mfupi aliyekuwa anakemea hata akikusalimu, alinikalisha kiti cha abiria kwenye Land Rover kuukuu, yeye akapanda nyuma. Dereva akatuteremsha mteremko wa Kivukoni, kule pantoni ilikokuwa ikivusha magari kwenda Ulanga. Nilivyoona mto unatujia, nikafumba macho. Tuliposimama, mzee akachungulia miguuni kwangu.

“Umekanyaga nini hapo?”

“Breki, mzee.”

“Upande wako kuna breki?”

“Hakuna.”

“Basi hiyo ndiyo kazi yako, binti. Mguu ukitafuta breki isiyokuwepo, punguza bei. Na usiweke sahihi kwenye gari ambalo hujashuka nalo hapa.”

Jamani, mimi ni mwoga, sifichi. Naogopa maji, naogopa mwendo, na enzi hizo niliogopa mabosi kuliko vyote viwili. Mzee alisema mthamini asiyeogopa ni hasara kwa yadi. Akanifundisha kugonga bodi kwa kifundo cha kidole nisikie palipojazwa puti, ule udongo wa kuzibia mabonde kabla ya kupuliza rangi. Akanifundisha kulinganisha namba ya injini na ile iliyo kwenye kadi, na kupekua kitabu cha sevisi kuona kama matengenezo yalifanywa kweli au yameandikwa yote siku moja kwa peni moja.

Nyie vijana mnaniuliza kwa nini magari mawili ya aina moja, mwaka mmoja, rangi moja, yawe na bei mbili. Mnadhani ni ujanja wa madalali. Upo, sikatai. Lakini ngojeni niwasimulie yale mekundu mawili.

Ilikuwa miaka ya tisini, Mkaguzi Mkuu ameshastaafu. Wahandisi wawili wa kigeni, marafiki waliopenda kushindana, walileta kwa treni magari ya michezo yanayofanana kama mapacha: mafupi, viti viwili tu, tumbo karibu liguse ardhi. Ifakara nzima ilitoka kuyaangalia. Walipomaliza mkataba wakayaacha yadini yauzwe.

La kwanza nilishuka nalo Kivukoni, mguu ukatulia. Nikaliandikia bei nzuri. La pili nilianza kulikagua palepale yadini. Nikavuta mkanda wa kiti mpaka mwisho, kipande kile ambacho hakuna mtu anayekivuta. Ulikuwa na matope makavu. Mkanda hauna kazi na matope, labda gari lizame. Nikakumbuka masika yaliyopita maji yalivyoingia nyumba za mtaa wa Lipangalala, na mhandisi mmoja alikuwa amepanga hukohuko. Maji yakiingia kwenye mafuta ya breki, masta silinda inaoza kimyakimya. Hiyo ndiyo chupa inayosukuma mafuta ukikanyaga.

Nikamfuata Meneja wa Yadi, mtu wa tai, mgeni kwetu.

“Bwana Meneja, hili la pili limezama. Bei yake haifiki nusu ya lile. Na halijashuka Kivukoni.”

Hata hakuinua macho. “Magari mapacha, bei pacha. Mnunuzi anasubiri nje. Weka sahihi, au nimtafute anayejua kuandika.”

Nilikuwa mjane mwenye watoto watatu. Nikaweka sahihi.

Mnunuzi alikuwa Bwana Damasi, mwenye mashine ya kukoboa mpunga. Alinipungia mkono akitoka getini, anacheka kama mtoto. Asubuhi iliyofuata nilipita Kibaoni kununua maandazi, muuzaji akaniambia, “Mama Kalisti, umekosa uhondo! Damasi kapita sasa hivi na lile gari jekundu, anampeleka binti yake Skolastika ng’ambo akaolewe.”

Maandazi niliyaacha mezani. Nikaazima baiskeli yake, nikapiga pedali huku nasali kwa sauti, watu wananishangaa. Bibi harusi! Na ule mteremko!

Niliwakuta juu kabisa, wa kwanza kwenye foleni. Skolastika amekaa ndani na gauni jeupe limejaa mpaka dirishani.

“Shikamoo Bwana Damasi. Msishuke mteremko huu. Breki za gari hili siziamini.”

“Marahaba. Lakini si wewe uliyeweka sahihi jana?”

“Ni mimi. Niliogopa kufukuzwa.”

Akanitazama, uso umekunjamana kwa hasira. “Limenileta mpaka hapa, breki zinashika. Unataka kuniharibia siku?”

“Basi mtoto ashuke, nikae mimi.”

Alishuka, gauni likiburuta vumbini. Nikaingia. Nafikiri Damasi alitaka kunikomoa tu. Akaachia gari. Alipokanyaga mara ya kwanza lilipunguza mwendo. Mara ya pili pedali ikazama mpaka chini, nikamsikia anasema, “Mama yangu!” Mto ulikuwa unakuja. Nikarukia usukani, nikauvuta kwangu kwa nguvu zote. Tukaingia kwenye kichuguu kando ya njia, bodi ikapasuka, kioo kikatumwagikia mapajani.

Kisha Damasi akalia, kwa sauti, mtu mzima yule. Skolastika alivuka kwa mtumbwi na akaolewa siku hiyohiyo.

Nilirudi yadini nikaandika bei mpya kwenye karatasi ileile, na sababu yake chini. Meneja akanifukuza. Miaka iliyofuata nilithamini magari kwa kujitegemea, na hakuna sahihi niliyoweka kabla ya kushuka Kivukoni.

Sasa nimepumzika, na mto una daraja. Juzi Skolastika, mama wa watu wazima, alikuja na gari jipya. “Shikamoo Mama Kalisti. Siulizi bei. Nataka upande tu.” Tukavuka, yeye akiendesha taratibu. Katikati ya daraja akanitazama miguuni, akacheka.

“Mama, breki nzima hizi! Mbona unakanyaga?”

“Naona ni nzima, mwanangu,” nikamwambia. “Nakanyaga za lile jekundu.”