Shemeji Alivyomnyoosha Bingwa

Bingwa hakuwa bingwa wa lolote. Jina alibandikwa na wapaka rangi wenzake siku alipoporomoka kwenye ngazi na ndoo yake, akainuka anacheka. Baada ya rangi aliuza mitumba, akapika kwenye bweni la shule, kisha akakaa bila mshahara hadi mkewe akachoka kulisha nyumba kwa cherehani peke yake. Sasa nyumba ya kutunzia wazee ilikuwa inatafuta mhudumu mmoja, na Bingwa aliitaka kazi hiyo kufa na kupona.

Hapo ndipo akajitia kati shemeji yake, kaka wa mkewe, ambaye tangu ahudhurie semina moja hotelini alijiita mshauri wa ajira. Ajira mwenyewe hakuwa nayo. Semina ilimwachia mdomo tu.

"Shemeji, maisha yako yamekaa shaghalabaghala," alisema, amejimwaga kwenye kiti kizuri pekee cha nyumba ile. "Lazima uyapitishie uzi mmoja. Uzi wako ni uongozi."

"Uongozi gani? Mimi si nilikuwa napaka kuta?"

"Basi uliongoza rangi."

Mtu mwenye akili angecheka. Bingwa alikariri wiki nzima mbele ya kioo, kifua mbele, kama kasuku.

Siku ya usaili, matroni wa nyumba ile alisikiliza uongozi wa rangi, uongozi wa mitumba na uongozi wa masufuria bila kupepesa jicho. Kisha akauliza swali moja.

"Baba, umewahi kumuuguza mtu asiyejiweza?"

Aliwahi. Baba yake alipopooza, Bingwa ndiye aliyemgeuza kitandani, akamwogesha, akamlisha uji kwa kijiko, hadi siku alipomfumba macho. Lakini miaka hiyo shemeji alikuwa ameifuta. Kazi ya nyumbani si kazi, alisema, inakata uzi. Na huyu mpumbavu, Mungu amsamehe, akaushika uzi.

"Hapana, mama. Ila nimeongoza watu."

Matroni alimshukuru, akamwita mwingine.

Jioni alimsimulia mkewe yote, akitegemea kupewa pole. Mkewe alisimamisha cherehani. Yeye ndiye aliyekuwa akichemsha maji ya kumwogeshea mzee.

"Yaani umemkana baba yako," alisema, "ili upewe kazi ya kuwaogesha baba za wenzako. Na kazi yenyewe umeikosa."