Futi Ambayo Njagi Hakuimaliza

Saa tatu asubuhi jua la huku chini ya Karurumo limeshaanza kuchoma. Ireri amelala kifudifudi kwenye mdomo wa kisima, shingo ameinyoosha kama mtu anayenusa chungu cha jirani. Haoni kitu. Anamsikiliza kijana anayechimba chini.

"Ndambiri!"

"Niko!"

"Sema kitu kingine."

"Njaa!"

Wanaume wawili walioshika kamba wanacheka. Ireri hacheki. Anaita tena.

Jirani anayepita na punda wake anasimama kutazama. "Meja, kwani hiki ni kisima ama lifti? Kila saa mnapandisha mtu!"

"Pita na punda wako, mzee," Ireri anamjibu bila kuinua kichwa. "Huyo angalau anajua kunyamaza."

Ireri ana miaka hamsini na moja na amechimba visima tangu akiwa kijana. Jina la Meja alipewa na wenzake kwa sababu ya sauti yake. Akiwa juu na wewe uko chini futi hamsini, unamsikia kama mmelala kitanda kimoja. Shida ni kwamba kwa miaka mingi sauti ilikuwa inashuka tu. Ile ya kupanda hakuwa na haja nayo.

Kazi hii hulipwa kwa futi. Siku hizi ni kama shilingi elfu mbili na mia tano, wanagawana watu wanne, na udongo ukigeuka mwamba wanaweza kumaliza siku nzima kwa futi moja. Futi ambayo haijatimia hailipwi. Ndiyo maana kila kiongozi wa kamba huku ana neno moja mdomoni: malizia futi.

Ni neno hilo alilomwambia Njagi.

Njagi alikuwa mchimbaji wake wa chini kwa miaka saba. Alikuwa anaimba vibaya sana, tena kwa makusudi, nyimbo za kanisa akizigeuza maneno mpaka wenye boma wanakuja kulalamika. Miaka minne iliyopita walikuwa wakichimba kwa mtu, wakakuta mwamba. Jioni wakawasha kuni juu yake upasuke, kama wanavyofanya siku zote. Asubuhi wakashusha mshumaa kupima hewa, ukawaka vizuri. Njagi akashuka.

Saa sita akaita, "Meja, nivute. Kichwa kinazunguka."

Ireri alijua kipimo. Zilibaki inchi nne.

"Nikamwambia, malizia futi kwanza," anasema. "Akacheka. Akasema, 'Sawa, mkoloni.' Nikasikia mtaimbo mara mbili, mara tatu. Halafu sikusikia kitu."

Hakuna aliyeweza kumfuata, maana sumu ya moshi wa kuni ilikuwa imebaki chini, na hiyo haizimi mshumaa. Walipofanikiwa kumtoa alikuwa ameshaaga.

Mkewe, Regina, alifika mbio na viatu mkononi. Hakupiga kelele. Alimuuliza Ireri swali moja: "Alikuita?"

"Aliniita."

"Ulimsikia?"

Wenzake walikuwa wanamtazama, na hakuna ambaye angemsaliti. Angeweza kusema upepo ulikuwa mwingi.

"Nilimsikia, Mama Mbaka."

Regina akaketi palepale kwenye udongo. Ukoo wa Njagi ukatuma ujumbe kwamba Ireri asionekane mazishini, na hakuonekana. Baada ya hapo hakuna aliyemwita kazini. Watu walikuwa wanasalimiana naye vizuri, wanauliza habari za watoto, halafu wanampigia simu mchimbaji mwingine.

Akaenda Mitunguu, akaajiriwa na Muthamia, mchimbaji anayewatengenezea visima wakulima wa ndizi. Muthamia ni mdogo kwake kwa miaka kumi na mitano. Siku ya kwanza akamkabidhi jembe fupi na kumwonyesha shimo.

"Nilimwambia mimi ni mtu wa juu," Ireri anakumbuka. "Akaniambia, 'Mzee, mkono wako hauna shida. Masikio ndiyo mabovu. Shuka.'"

Hakuwa ameshuka kisimani kwa miaka tisa. Siku ya tatu, akiwa chini, moyo ulianza kumwenda mbio. Hewa ilikuwa nzuri kabisa. Ilikuwa hofu tu. Akaita, "Nivute!" Na papo hapo kamba ikakaza.

"Hakuniuliza kwa nini. Hakuuliza nimebakisha inchi ngapi. Alinivuta tu. Mimi nililia kwenye hiyo kamba mpaka juu. Hiyo yote ingenichukua dakika moja kumfanyia Njagi."

Alikaa Mitunguu karibu miaka mitatu. Aliporudi, wa kwanza kumwita alikuwa Regina. Alitaka kisima.

Shemeji zake walimkasirikia, na wengine hawajaacha. "Wachimbaji ni wengi," Regina anasema, akipepeta maharagwe mlangoni. "Kila mmoja ataniambia yeye ni mwangalifu. Huyu aliniambia alimsikia. Sijamsamehe, usiandike nimemsamehe. Lakini najua hatanidanganya."

Leo ni wiki ya tatu wakichimba hapa bomani kwake. Muda mfupi kabla ya saa nne sauti ya Ndambiri inapanda. "Nivute!"

Kamba inakaza. Kijana wa watu anatokea amelowa mpaka magotini, amebeba donge la udongo linalodondosha maji. "Bosi, tumefika! Mapigo kumi tu! Lakini miguu inakuwa kama si yangu."

Ireri anashusha kipimo. Bado inchi tatu. Anakunja kamba.

"Siku imeisha. Futi utalipwa nzima."

"Na maji, bosi?"

"Yamekaa huko tangu kuumbwa. Hayaendi Nairobi."

Regina amekuja. Anaupokea ule udongo, anaufinya, maji yanamtiririkia kwenye kifundo cha mkono. "Kwa hiyo yako hapo?"

"Yako hapo, Mama Mbaka."

"Na nyinyi mnaenda nyumbani?"

"Tunaenda. Jumatatu naleta mashine ya kupuliza hewa kutoka Embu."

Regina anachukua madumu mawili, anayafunga mgongoni na kuelekea mtoni. Ni saa moja kwenda, na kurudi ni zaidi.

Ireri anabaki akifunika kisima kwa mbao. Akiulizwa anatarajia nini maji yakitoka, hataji kazi nyingine wala pesa. Anaonyesha kwa kidevu nyuma ya nyumba, kwenye migomba. Njagi amelazwa pale, hatua kama thelathini. Kwa wiki tatu Ireri amekula chakula cha mchana akiwa amepageuzia mgongo.

"Nataka nimwombe Mama Mbaka ruhusa nifike pale," anasema. "Akikataa, nitarudi kuuliza mwaka ujao. Na ujao tena."