Jogoo wa Darasa Zima

Hadi leo, chai ya maziwa ikifurika na kuungulia jikoni, harufu yake hunirudisha mlangoni pa ofisi ya walimu, shuleni kwetu Voi, nikiwa darasa la sita na kichwa kimenivimba kwa majivuno. Insha yangu ilikuwa tamu, nilijua. Insha bora ingesomwa siku ya kufunga shule, mbele ya wazazi, na Mama alikuwa ameshawatangazia majirani wa Kaloleni kwamba msomaji ni mimi.

Nilikuwa nimeianza kama tulivyozoea sote: nilirauka alfajiri na mapema jogoo alipowika, jua likichomoza kwa madaha. Mwalimu Mghoi, aliyetufundisha Kiswahili, alimzungushia jogoo wangu wino mwekundu, kisha akacheka mpaka akaweka kikombe chake cha chai chini.

"Huyu jogoo namjua. Amewika darasa zima," akasema. "Kwani nyinyi kwenu huamshwa na nini? Andika upya, uniletee Ijumaa."

Wenzangu walisikia, na siku nzima wakaniwikia. Nilifika nyumbani nimenuna, nikasusa hata pure, na mnajua mahindi na maharagwe ya Mama hayakuwahi kunishinda.

Kesho yake nikaamshwa kama kawaida, nikajikuta nacheka peke yangu kitandani. Kwetu hakukuwa na kuku hata mmoja! Aliyetuamsha ni Waziri, punda wa Mzee Mwakio, muuza maji wetu. Alisimama chini ya dirisha akalia kana kwamba amefiwa, Mzee akimbembeleza, naye akizidisha. Niliandika hayo yote, pamoja na Baba aliyetoka kumfokea akiwa na ndala mguu mmoja.

Insha hiyo ndiyo iliyochaguliwa, na siku ya kufunga shule niliisoma mbele ya wote. Wazazi walianza kucheka, mara sauti ikatoka nyuma kabisa: "Si huyo ni Waziri wangu!" Mzee Mwakio, aliyekuja kwa ajili ya mjukuu wake, alikuwa amesimama akipunga kofia. Mama alicheka mpaka machozi yakamtoka. Nilifurahi, jamani, nilifurahi kupita kiasi.

Wakati huo nilielewa tu kwamba nimeshinda. Mengine yalinijia ukubwani, wahariri walipoanza kunirudishia kazi zimejaa alama, nami nikinuna vilevile. Miaka yote nilidhani Mwalimu aliikataa insha yangu. Kumbe katika rundo lile la insha za jogoo alikuwa akinitafuta mimi, na hakuniona.