Kitambaa Kikikauka, Jaribu Tena

Adelaïde Muhawenimana wa Kibabi alikuwa na maringo kidogo, na haki ya kuringa alikuwa nayo. Yeye na wenzake wa Goma waliandika programu inayosoma vipimo vya mvua na kukadiria ni kilima gani cha Masisi kinaweza kuporomoka. Chini ya kimoja cha vilima hivyo ndipo ilipo nyumba ya mama yake, Nyiraneza.

Kila walipobadilisha chochote, kompyuta za mbali ziliijaribu programu kwanza. Mtandao ukikatika katikati, jaribio lilianguka bila kosa la mtu, na ilibidi mtu abonyeze upya. Pale Kibabi mtandao huja ukijisikia. Adelaïde alichoka kubonyeza, akaandika kanuni: jaribio likiangushwa na mtandao, mashine irudie yenyewe, likiangushwa na hesabu, isimame na kumwita mtu.

Akili hiyo hakuitoa chuoni. Kabla ya kupanda, Nyiraneza hufunga maharagi machache ndani ya kitambaa chenye maji. Yasipoota, hukagua kitambaa kwanza. Kimekauka? Atakilowesha, ajaribu tena. Bado kina maji? Hakuna cha kujaribu tena. Mbegu hiyo ni ya chungu, si ya shamba.

Hubert, mkubwa wa mradi, alikuwa mtu mwema lakini mwenye haraka kama maziwa jikoni. Alikuwa ameahidi kuionyesha programu mbele ya wakulima. Siku moja kabla, asubuhi, jaribio likaanguka kwa hesabu, mashine ikasimama. Hubert akapiga simu.

"Adelaïde, toa ile kanuni yako. Irudilie tu mpaka ipite."

"Chef, rezo iko muzuri, mutandao haikukatika. Hesabu njo imekataa."

"Nimebonyeza mwenyewe, imepita! Unaona?"

"Njo vile naogopa. Hesabu ni ile ile, jibu mbili."

"Na kesho tukipata haya mbele ya watu?"

"Haya itapita, chef. Mulima ikianguka, haturudilie."

Kwa maneno kama hayo mtu hupoteza kazi. Lakini Hubert akasema, "Basi, uko na mpaka magaribi."

Adelaïde alichimba. Vipimo vya mvua kutoka Ngungu na Kingi, sehemu mbili za Masisi, vikifika kwa zamu, hesabu ilitoka sawa. Vikifika pamoja, kimoja kilifuta kingine, na mvua yote ya Ngungu ikamezwa huku programu ikisema vilima ni salama. Kurudia kungelificha hilo hadi watu wafukiwe. Akalirekebisha kabla jua halijashuka. Jaribio lilipoanza, mtandao ukakatika; mashine ikarudia yenyewe, ikapita. Adelaïde alijipigia makofi, peke yake, bila aibu.

Kesho yake Hubert alisimulia kosa lote mbele ya watu, hata ile haraka yake hakuificha, kisha akamwomba Adelaïde asimame. Watu wakashangilia. Nyiraneza, ndani ya kitenge cha sikukuu, alikaa benchi la mbele, furaha imemjaa hadi machoni. Jirani yake akamgusa.

"Mama Adelaïde, mutoto yako anafanyaka kazi gani?"

"Anakatazaka mashine kusema uongo."

"Eh! Na nani alimufundisha?"

Nyiraneza akajinyoosha kwenye benchi.

"Uliza maharagi yangu."